Kusafiri ukiwa kwenye ARV: hesabu ya dawa, saa, joto na mipaka (uzi)

Mhudumu_Ngara (mwanzisha uzi)

Wadau mnaotumia ARV, yaani dawa za VVU, msimu wa safari umefika. Wengine ushago, wengine Pwani, wengine nje kabisa. Wanaorudi kliniki Januari wakiwa wamekatiza dawa hutoa sababu zile zile: safari ilirefuka dawa zikaisha, begi lilipotea, au mtu alilala chumba kimoja na jamaa wanane akaona haya kufungua chupa mbele yao. Askari wa mpakani ndiye anayeogopwa zaidi, na ndiye anayesumbua kidogo zaidi. Basi tuongee yale yanayokatiza dawa kweli.

Kwanza hesabu. Chukua siku za safari, ongeza siku 14. Ukienda siku 35, mkononi uwe na vidonge visivyopungua 49. Zile 14 ni za gari lililoharibika, matanga yaliyosogezwa mbele, tikiti iliyobadilishwa, mto uliofurika ukakata barabara. Usizitoe kwenye hesabu hata kama tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye tikiti.

Nenda kliniki wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka. Ukienda asubuhi ya safari, begi likiwa mgongoni, huenda usimpate anayeweza kukuongezea. Aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi 3, na wengine hadi 6. Taja tarehe ya kwenda na ya kurudi, ziandikwe kwenye faili. Kama kipimo chako cha kiwango cha virusi kinaangukia katikati ya safari, omba damu itolewe kabla hujaondoka. Na tangu ufadhili wa Marekani ulipositishwa Januari 2025, kuna kliniki zilizobadilisha saa au kuhamia dirisha jingine. Piga simu kwanza.

Piga picha ya kadi ya kliniki na picha ya lebo ya chupa. Nambari ya CCC (nambari yako ya kliniki ya VVU) ina tarakimu kumi: tano za kwanza ni za kituo, tano za mwisho ni zako. Kwa nambari hiyo kituo kingine kinaweza kukufuatilia. Picha uzitume pia kwa mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu simu nayo huibwa stendi.

Kayole_K

Swali la chupa. Ile ya vidonge 90 hupiga kelele kila matatu inaporuka tuta, na watu wanaijua. Si afadhali kuvihamishia kwenye karatasi au mkebe wa peremende?

Famasia_Kariokor

Hapana, Kayole_K, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni unyevu. Ndani ya chupa kuna kile kifuko au kidude kidogo cha kunyonya unyevu. Vidonge vikitolewa na kuwekwa kwenye karatasi huku unaenda Mombasa au Kisumu, hewa yenye maji huviingia. Vinalainika, vinaanza kumomonyoka pembeni. Kidonge kilichomomonyoka huwezi kujua kimebaki na dawa kiasi gani. Kifuko hicho usikitupe, na usiache chupa wazi.

Ya pili ni lebo. Vidonge vyeupe visivyo na jina ndani ya mkebe wa peremende ndivyo vinavyomfanya askari aulize maswali. Chupa yenye lebo hupita.

Kelele inaisha kwa pamba. Chukua pamba safi kavu, jaza nafasi iliyobaki juu ya vidonge, funga kifuniko. Kila unapopunguza vidonge ongeza pamba. Chupa iingie ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa mswaki na sabuni. Hakuna mtu anayepekua mfuko wa mswaki wa mwenzake.

Ukitaka kidogo cha kutembea nacho, vidonge saba kwenye kijisanduku kikavu kinachofunga vizuri vinatosha. Chupa kubwa ibaki ilipo. Na viwili hivi visikae begi moja: chupa kwenye begi la mkononi, vile saba mfukoni au kwenye mkoba. Begi likipotea, una wiki nzima ya kutafuta suluhisho.

Mama_Wawili

Na joto? Kuna wanaokwenda Lodwar na Garissa.

Famasia_Kariokor

Lebo ya TLD, kile kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, husema isizidi nyuzi 30. Siku ya nyuzi 36 barabarani haiui dawa, ilimradi usiku ipate ubaridi. Kinachoharibu ni kuiacha wiki nzima mahali panapochemka: juu ya dashibodi, kwenye buti ya basi, chini ya mabati katikati ya mchana. Buti ya basi lililosimama juani ni tanuri. Dawa ipande na wewe ndani.

Ukifika, iweke chini karibu na sakafu, upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Ubavuni mwa mtungi wa maji pia pazuri, lakini isiguse maji wala udongo wenye majimaji. Friji haihitajiki kwa TLD. Kuingiza na kutoa chupa kwenye friji huleta umande ndani, tunarudi kwenye unyevu ule ule.

Abiria_SGR

Wale mbwa wa stesheni ya treni ya Syokimau wanaonusa mizigo wanaweza kushika dawa hizi?

Mhudumu_Ngara

Wanafunzwa kunusa mihadarati na vilipuzi. Dawa za hospitali si kazi yao. Panga begi kwenye mstari kama wengine, simama pale wanapokuelekeza, ondoka. Kwenye uwanja wa ndege vivyo hivyo: eksirei huonyesha chupa ya vidonge, haisomi jina. Ile kanuni ya mililita 100 ni ya vitu vya majimaji, vidonge havina kikomo hicho.

Barua ya daktari ni nzuri kwa safari ya nje. Haihitaji kutaja virusi. Inatosha iseme mwenye barua anatumia dawa za kila siku kwa maradhi ya kudumu, zitajwe kwa majina yake (tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300, dolutegraviri 50), idadi ya vidonge, mhuri na tarehe. Jina kwenye barua lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Kinachokwamisha watu ni chupa iliyoandikwa jina moja na pasipoti yenye majina matatu.

Mwanafunzi_Parklands

Saa za nje zinanichanganya. Nikizoea saa mbili usiku ya Nairobi, nifanye nini Guangzhou? Na New York?

Nesi_SouthB

Ukienda mashariki ni rahisi. Guangzhou iko mbele ya Nairobi kwa saa 5. Ukifika, meza saa mbili usiku ya huko. Kwa mwili wako ni saa tisa alasiri ya Nairobi, yaani saa 19 tangu dozi iliyopita badala ya 24. Hakuna ubaya.

Magharibi ndiko kunakotaka akili. New York iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto. Saa mbili usiku ya Nairobi ni saa sita mchana huko wakati wa baridi. Ukisubiri saa mbili usiku ya huko, umekaa saa 32 bila dawa. Kwa TLD na mtu ambaye virusi vimezimwa (havionekani tena kwenye kipimo), mara moja haitaleta balaa, ila kwa nini ujizoeze? Siku ya kufika meza saa sita mchana. Kesho yake meza saa mbili asubuhi, ni saa 20 tu zimepita. Kaa hapo hapo asubuhi muda wote wa safari. Ukirudi Nairobi, saa mbili asubuhi ya huko ni saa kumi jioni ya hapa, unaisogeza hadi usiku kwa siku mbili.

Jamani, angalieni simu. Kengele ya saa mbili haibaki na Nairobi. Simu ikishika mtandao wa nchi nyingine hujibadilisha yenyewe, na kengele inalia saa mbili ya huko bila kukuambia. Kabla ya kupanda ndege andika kwenye karatasi: dozi ya mwisho siku gani, saa ngapi ya Nairobi, ifuatayo saa ngapi ya huko. Karatasi hiyo ikae kwenye pasipoti. Ndege yenyewe ni mahali pa kusahau, watu hulala na mapazia yamefungwa, hujui ni mchana au usiku.

Wanaotumia dawa mara mbili kwa siku wahesabu saa 12, si 24. Kwao kuchelewa saa sita ni jambo kubwa zaidi. Wapange na mhudumu kabla ya kuondoka.

Kayole_K

Ukisahau kabisa je?

Nesi_SouthB

Meza mara unapokumbuka, isipokuwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata. Saa yako ni mbili usiku, ukakumbuka kesho yake saa sita mchana: meza, kisha ile ya usiku meza kama kawaida. Ukikumbuka saa kumi na moja jioni: acha, subiri saa mbili. Viwili kwa mpigo, kamwe.

Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine. Baada ya saa moja kupita, kilishaingia.

Mama_Wawili

Hapo kwenye kutapika ndipo safari huharibika. Chakula cha stendi, maji ya kisima, kisha tumbo.

Famasia_Kariokor

Tumbo likiharibika usiache ARV. Meza, na unywe maji ya chumvi na sukari. Pakiti za ORS za dukani nyingine ni za nusu lita, nyingine lita nzima. Soma nyuma ya pakiti, kwa sababu ukichanganya ya lita kwenye chupa ya nusu lita unapata chumvi nyingi kupita kiasi, kuhara kunaongezeka. Usipopata pakiti: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kuhara damu, au homa juu ya kuhara, ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tenofoviri hutoka mwilini kupitia figo. Mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara, kisha akanunua diklofenaki ya mgongo uliouma kwenye basi, anazibana figo kutoka pande mbili. Ibuprofeni nayo ni hivyo hivyo. Kwa maumivu ya safari chagua parasetamoli, usizidishe kipimo kilichoandikwa. Diklofenaki huuzwa kila kioski kama peremende na watu hawaihesabu kuwa dawa.

Ya pili ni kiungulia. Zile dawa nyeupe za chupa, na zile za kutafuna, nyingi zina magnesiamu, alumini au kalsiamu. Madini hayo hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia kuingia kwenye damu. Mtu anameza kila siku, hakosi hata moja, na bado dawa haifiki. Kanuni: TLD itangulie kwa saa 2, au ije saa 6 baada ya dawa ya kiungulia. Kama TLD yako ni saa mbili usiku, dawa ya kiungulia mwisho saa nane mchana, kisha unaweza tena kuanzia saa nne usiku.

Vidonge vya chuma na kalsiamu, wanavyopewa sana akina mama wajawazito, unaweza kumeza pamoja na TLD ikiwa umekula chakula. Tumbo tupu, tenganisha kwa saa zile zile. Na walio kwenye atazanaviri, ARV nyingine, wao wale kwanza ndipo wameze, na wasinunue omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) bila kuuliza.

Mwenye kisukari aliye kwenye metfomini: ukiwa na dolutegraviri, jumla ya metfomini kwa siku isizidi miligramu 1000. Daktari wa mjini mwingine asiyejua uko kwenye TLD anaweza kukuandikia zaidi. Mwambie.

Dereva_Mlolongo

Kwa sisi wa malori, Malaba hadi Kampala na kuendelea, foleni ya mpaka haina tarehe. Dawa zikiisha upande wa pili?

Mhudumu_Ngara

Kaka, Uganda na Tanzania hutumia TLD ile ile. Nenda kituo cha afya cha serikali, sema wewe ni mgonjwa wa kupita, onyesha chupa na picha ya kadi. Omba za siku chache zinazokufikisha nyumbani. Kidonge kinaweza kuwa na rangi au umbo tofauti kwa sababu mtengenezaji ni mwingine. Usiamini rangi, linganisha majina matatu na miligramu zake. Yakiwa sawa, dawa ni moja.

Ndani ya Kenya ni hivyo hivyo. Ukiwa Busia au Lamu umeishiwa, kituo chochote cha serikali chenye huduma hii kinaweza kukusaidia na kukijulisha kituo chako. Usisubiri kidonge cha mwisho, nenda vikibaki vitano. Na usiombe uhamisho kwa safari ya wiki tatu. Uhamisho ni wa anayehama makazi, ukirudi utakuta jina lako limeshatolewa kwenye orodha.

Anayeacha dawa kwa sababu zimeisha ajue hili: virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Mwenye homa ya ini aina ya B ana hatari ya ziada, kwa sababu tenofoviri na lamivudini ndizo zinazoizuia pia, na zikikatika ghafla ini linaweza kuvimba vibaya.

Dada_Umoja

Nauliza kuhusu kazi za nchi za Ghuba. Wakala anasema ukiwa umezimwa virusi unapita kipimo chao cha VVU.

Mhudumu_Ngara

Dada, huyo anakudanganya, na anayeumia ni wewe. Kipimo cha virusi kuzimwa hutafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na kingamwili hubaki hata virusi vikiwa havionekani kabisa. Utapatikana nayo. Kuacha dawa miezi miwili kabla ya kipimo hakubadilishi chochote ila kukuumiza.

Saudia, Imarati, Kuwait na Qatar hupima wanaoomba kibali cha kazi na ukaazi. Hupima huku kabla ya kuondoka, na tena huko baada ya kufika. Anayepatikana hurudishwa. Sheria yetu ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe au asafiri, lakini haivuki mpaka. Jua hilo kabla hujauza ng'ombe wa nyumbani kumlipa wakala.

Marekani iliondoa marufuku yake ya kuingia kwa wenye VVU Januari 2010, na China mwaka huo huo.

Nesi_SouthB

Niongeze homa ya manjano, maana Afrika Kusini na India hudai cheti kwa anayetoka Kenya. Chanjo hiyo ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwenye CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 200 hapewi. Mwenye 200 kwenda juu anaweza kupewa baada ya kuzungumza na daktari wake. Kwa hiyo mwambie mchanjaji ukweli, usikae kimya kwa aibu ukachanjwa kinga ikiwa chini. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa barua rasmi ya msamaha, na aulize ubalozi kama inakubalika. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na hudumu maisha yote. Ukichanjwa siku tatu kabla ya ndege, umechelewa.

Malaria nayo: anayetoka Nairobi kwenda Busia, Siaya au Pwani alale ndani ya neti. Ile dawa ya kawaida ya malaria, atemeta na lumefantrini, haigombani na dolutegraviri. Anayemeza Septrini (ya kujikinga na maambukizi mengine) kila siku asipewe Fansida, dawa nyingine ya malaria.

Mama_Wawili

Watoto wakienda kwa nyanya likizo nzima?

Nesi_SouthB

Mpime uzito kabla ya kwenda, mama. Dozi ya mtoto hufuata kilo. Kwa kidonge cha dolutegraviri cha watoto cha miligramu 10, mtoto wa kilo 10 hadi 13.9 hupewa viwili, wa kilo 14 hadi 19.9 hupewa viwili na nusu. Aliye na kilo 13.6 leo atavuka akiwa kwa nyanya. Mwambie mhudumu akuandikie ni lini idadi ibadilike. Na kama chupa yenu ni ile ya dawa tatu kwa kidonge kimoja, idadi ni nyingine kabisa, usichukue hesabu hii.

Kidonge huyeyushwa kwenye vijiko viwili vya chai vya maji safi na kunywewa chote ndani ya nusu saa. Kikombe kisuuzwe kwa maji kidogo, hayo nayo anywe, kwa sababu mabaki ya chini ndiyo dawa. Mwonyeshe nyanya kwa vitendo na umwache afanye mwenyewe mara moja mbele yako. Mwandikie kwa lugha anayoisoma, au mchoree: jua moja, vidonge viwili. Kama hajaambiwa ni dawa za nini, hilo mlimalize kabla ya safari, maana nyanya asiyejua ndiye anayezisimamisha mtoto anapoonekana mzima.

Ukhti_Eastleigh

Na safari ndani ya Ramadhani?

Famasia_Kariokor

TLD mara moja kwa siku haigombani na saumu. Isogeze kwenye futari au baada ya tarawehe, kila siku saa ile ile. Dolutegraviri huwanyima watu wengine usingizi ikimezwa usiku. Wa namna hiyo wameze daku. Anayemeza mara mbili kwa siku ana futari na daku, ila azungumze na mhudumu kwanza, kwa sababu pengo la mchana ni refu kuliko la usiku.

Tibakifua_Huruma

Jambo moja mmeliruka. Aliye kwenye dawa za TB zenye rifampisini humeza dolutegraviri mara mbili: TLD moja, kisha baada ya saa 12 dolutegraviri ya miligramu 50 peke yake. Chupa ni mbili. Watu hubeba ile ya TLD na kuacha ndogo mezani, au zile za TB zenyewe. Kabla ya kufunga begi zipange zote tatu kitandani, uhesabu kila moja peke yake, siku pamoja na zile 14.

Dereva_Mlolongo

Na mke ambaye hana virusi, mimi nimekosa wiki nzima barabarani?

Nesi_SouthB

Anayemeza kila siku na virusi vyake viko chini ya 200 kwa mililita hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ukikosa wiki, usiitegemee hesabu hiyo. Rudi kwenye dawa leo, tumieni kondomu, ueleze kliniki ni siku ngapi ulikosa ili wakupime tena, na msiache kondomu hadi majibu yatoke. Kondomu ikipasuka, yeye aende kituo cha afya ndani ya saa 72, haraka zaidi ndiyo bora, apewe dawa za kuzuia maambukizi za siku 28. Hata kama ni usiku wa Jumamosi, wodi ya dharura ya hospitali kubwa iko wazi, asingoje Jumatatu.